Mkrismasi wa Dirishani kwa Hajati

Kosa langu la kwanza katika kazi ya miti lilikuwa kuchagua mti kwa kutazama ua lake. Kosa la pili, ambalo ni mtoto wa lile la kwanza, lilikuwa kuupanda mti huo mahali ambapo mimi ningesifiwa zaidi, si mahali ambapo wenyewe ungekaa vizuri. Nayaandika haya kwa sababu miezi michache iliyopita Hajati Zaituni alinipigia simu kutoka Mbarara, na kabla ya salamu akaniambia, "Heri, mti wako umeingia barazani." Wiki hiyohiyo Janvier, jirani yangu wa zamani, alikuwa amerudi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, kutoka ng'ambo kumlilia mama yake. Habari hizo mbili zilipokutana nikawa sina raha, maana watu hao wawili na mti huo mmoja ndio mwaka wangu wa 2008, na mwaka huo nimeishi nao tangu siku hizo kama mtu anayeishi na jino bovu na kutafuna upande mmoja.

Ukoo wangu, vita, njia tuliyopita kutoka Kivu ya Kusini, hayo wengine wameyasimulia vizuri kuliko ninavyoweza, nami sitayarudia. Naanzia Misiera, mtaa wetu wa kambini, kwenye kijia kilichotenganisha mlango wangu na mlango wa kina Janvier. Nyumba zilikuwa za udongo, na juu yake maturubai ya plastiki yaliyopigwa na jua mpaka yakawa yanalia kama karatasi upepo ukivuma. Palikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeitangaza lakini wote tuliifuata: mtu hupanda kile atakachokila kabla ya kuondoka. Maharage, mahindi, viazi, labda papai kwa mwenye moyo mgumu. Kila nyumba ilikuwa inangoja safari ya nchi za nje, ambayo sisi tuliiita prosesi, na kupanda mti usioliwa, tena wa kuchanua baada ya miaka saba, kulikuwa sawa na kutangaza kwamba wewe huendi popote. Mimi nilipanda. Nilikuwa na miaka ishirini, sikuwa na prosesi, na nilikuwa nimeuona mkrismasi mmoja Mbarara, juu ya ukuta wa mtu tajiri, umewaka mwekundu kutoka ncha hadi ncha. Nilisimama chini yake na gunia la vitunguu begani mpaka mwenye vitunguu akanitukana. Nikaokota ganda moja lililoanguka, refu na jeusi kama ala ya kisu, nikarudi nalo.

Mbegu zake ni ngumu kama kokoto. Za kwanza nilizifukia hivyohivyo, nikazimwagilia msimu mzima, na sikuona hata jani. Hapakuwa na wa kunifundisha. Niliwauliza walinzi kwenye mageti ya Mbarara, nikakaa katika kafe ya intaneti nikisoma Kiingereza ambacho nusu yake sikukielewa, mpaka nikajua kwamba mbegu hiyo hukwaruzwa kwanza kwenye jiwe, kisha hulazwa katika maji ya moto. Zilipoota nilizihamishia kwenye mifuko mitupu ya maziwa, nikaipanga kwa urefu kando ya ukuta, na mche wowote uliopinda niliung'oa nikautupa. Majirani walikuwa wakipita kwa makusudi ili wanicheke. "Heri," jirani mmoja aliniuliza akiwa na dumu la maji kichwani, "ile muti yako inaivaka mwaka gani? Tukuachie wajukuu wetu batuletee habari?" Niliwajibu kwamba wao hawajui kitu. Kisha niliingia ndani nikakaa kitandani nikiwa na hofu kwamba wanajua.

Ng'ambo ya kijia Janvier hakuwa akifanya chochote, na ndicho kilichonitesa. Mama yake alitaka ua wa kuzuia mbuzi, basi yeye alikwenda bondeni akakata matawi mazito ya ekiko, ule mti wenye magome kama ya ngozi kavu ambao Wanyankole huuacha katikati ya malisho, akayalaza kivulini mpaka jeraha la panga likakauka, akayapaka majivu kwa ajili ya mchwa, akayachomeka ardhini. Basi. Baada ya hapo alikuwa anakaa juu ya ndoo akisikiliza redio. Kiangazi kilipofika, fito zile zikadondosha majani yote, nikafurahi moyoni nikidhani zinakufa, na siku chache baadaye zikatoa maua. Mekundu, kwenye mti mtupu, kama mtu aliyevua nguo zote akavaa kofia. Niliyatazama kila asubuhi nikipiga mswaki. Mama Janvier aliniambia, "Heri, mwanangu, unaona uzuri wa fito za mwenzako?" Nikasema ndiyo, Mama. Povu la dawa likanishuka kooni.

Hajati Zaituni alikuwa mfanyabiashara wa vitenge wa Mbarara, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu na kicheko cha ghafla, ambaye alikuwa akija Misiera kuwauzia wenye maduka. Siku hiyo gari lake lilisimama mbele ya ua wa ekiko. Alishuka akishika mlango. "Banange!" akasema. "Haya maua nani amepanda?" Nilitoka mbio na mikono yenye udongo, nikasimama kando ya miche yangu, nikanyoosha mgongo. Aliitazama miche ile, ambayo wakati huo ilinifika gotini na majani yake membamba kama manyoya, akaniuliza kwa upole, "Na wewe unalima dodo?" Dodo kwao ni mchicha. Janvier alicheka mpaka akashika mti. Hajati akamwuliza kama atakwenda kumpandia maua kwenye nyumba yake mpya. Hapo Janvier alifanya jambo ambalo sijawahi kumsamehe kikamilifu. Alisema, "Hajati, miye nilichomeka tu fito. Mwenye kujua miti ni huyu Heri. Kama unanichukua, unachukua na yeye." Ndivyo nilivyopata kazi ya kwanza ya maisha yangu, kwa kuombewa na mtu niliyekuwa nikimwombea ukame.

Nyumba ya Hajati ilikuwa mpya, nyeupe, upande wa Kakoba, na uwanja wake ulikuwa udongo mtupu wenye vipande vya matofali na mifuko ya saruji. Alitaka maua. "Sitaki miembe," alisema siku ya kwanza, "miembe inaleta watoto ya shule na mawe." Nyuma ya nyumba kulikuwa na chumba kimoja cha mfanyakazi, kitanda kimoja cha chuma, dirisha moja lenye wavu, na balbu. Alituambia waziwazi kwamba sote wawili tutafanya kazi kuanzia mvua za Septemba mpaka kiangazi kingine, tukigeuzana godoro na mkeka, kisha atabaki mmoja wa kutunza miti na chumba kitakuwa chake. Sijui Janvier alilisikiaje neno hilo. Mimi nililisikia kama mtu anayesomewa hukumu. Chumba kile kilikuwa na mlango wa mbao wenye kufuli. Tangu nivuke mpaka sikuwahi kulala nyuma ya mlango wenye kufuli. Niliamua kwamba nitakuwa mtunza miti mzuri kuliko wote Mbarara, na kwamba Hajati ataliona hilo hata kama itabidi nimwonyeshe kila siku.

Chakula tulikula kwenye baraza la nyuma, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Hajati alipika matoke na mchuzi wa karanga, na Ijumaa alileta eshabwe, ile samli nyeupe iliyopigwa ya watu wa Ankole, kwenye kibakuli chake cha mti. Mara ya kwanza niliionja kwa ncha ya kidole nikasema asante, ni nzuri sana, nimeshiba. Janvier aliichota kwa donge la ndizi, akafumba macho. "Hajati," alisema, "hii wakiipata kule kwetu, batu bataacha sombe." Sombe kwetu ni kisamvu. Hajati akamwongezea. Tangu siku hiyo kibakuli kilikuwa kinawekwa upande wa Janvier. Ni jambo dogo, naona aibu kuliandika, lakini nililihesabu kila Ijumaa, na sikuwahi kunyoosha mkono, kwa kuwa nilitaka anipe bila mimi kunyoosha. Hata leo, nikiwa na kazi yangu na meza yangu, nikiona bakuli limewekwa karibu na mtu mwingine, kitu ndani yangu kinaamka kutazama.

Katika kuchagua miti nilishindwa mapema. Nilipendekeza franjipani kwa ajili ya harufu, nikaeleza kwa kirefu habari ya ua jeupe lenye moyo wa manjano, na Hajati akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Kwetu hiyo tunapanda kwa makaburi, mtoto wangu. Unataka kunizika?" Janvier alipendekeza fito za ekiko nyuma, kando ya ukuta, na jakaranda mbili pembeni ambako maua yakianguka hayatamtelezesha mtu. Yote yakakubaliwa kabla chai haijapoa. Kilichobaki kilikuwa mkrismasi wangu, ule mmoja ulionyooka kuliko yote, niliouleta kutoka Misiera mapajani ndani ya basi tangu Rwekubo mpaka Mbarara nikiukinga na viwiko vya watu. Janvier alisema tuupande getini, mbali na nyumba. Nilisikia neno lile "getini" na palepale geti likanichukiza. Nilichukua kamba nikaifunga kwenye nondo za dirisha la sebuleni, nikaivuta moja kwa moja uwanjani, nikapiga kigingi hatua chache kutoka baraza la mbele. "Hapa," nilisema. "Hajati akiwa amekaa anakunywa chai, ua litakuwa katikati ya dirisha kabisa. Kama picha ukutani."

Janvier alikuja akaitazama kamba. "Heri, unapima muti kama unapima kanzu ya bibi-arusi." Kisha akamgeukia Hajati. "Ile muti ikiwa mukubwa itaingia ndani kunywa chai na weye." Hajati alicheka. Nami nikaeleza kivuli, nikaeleza mwanga wa asubuhi, nikaeleza mambo niliyoyasoma na mengine niliyoyatunga hapohapo. Nilikuwa nimesoma pia kwamba mizizi ya mkrismasi hutambaa juujuu na kuinua sakafu. Nilikuwa nalijua hilo. Lakini kuupeleka getini kungekuwa kukubali kwamba Janvier, aliyekaa juu ya ndoo, ameona kitu ambacho mimi niliyekesha nikisoma sikukiona. Janvier aliinua mabega. "Muache, Hajati. Muti ni yake." Hajati akanitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu habari ya mchicha, akasema, "Kale, sawa. Panda kwa dirisha." Nilichimba shimo lile mwenyewe. Sikumruhusu Janvier ashike hata jembe.

Karibu na mwisho wa mwaka wetu, mchana mmoja, nilikuwa nyuma ya tangi, kwenye kona ya nyumba karibu na uwanja wa mbele, nikiosha jembe. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi juu ya kichwa changu, na ndani Hajati na dadake, Mama Hadija, walikuwa wanachambua karanga.

"Sasa utabaki na nani?" Mama Hadija aliuliza. "Chumba ni kimoja."

"Janvier. Yule ananichekesha mpaka nasahau magoti."

"Na yule mwembamba?"

"Heri? Bambi, maskini, kazi anajua. Lakini akimwagilia miti utadhani anaipa mtihani. Hata mimi mwenye nyumba nikipita karibu na mti wake naogopa nitakosea. Sasa mimi nikae kwangu kama kwa hedimasta?"

Walicheka wote wawili. Karanga ziliendelea kudondoka kwenye sufuria. Niliendelea kuliosha jembe lililokwisha kuwa safi. Jambo ninalolikumbuka zaidi si uchungu. Ni kwamba nilitazama mkrismasi wangu pale mbele ya dirisha, umenyooka, umefungwa kwenye kigingi kwa vitambaa vitatu vya urefu sawa, nikaona kwamba Hajati amesema kweli, na bado nikamchukia Janvier.

Wiki iliyofuata jina la Janvier lilitoka kwenye prosesi, yeye na mama yake na wadogo zake. Alituambia wakati wa chakula, mdomo ukiwa umejaa. Hajati alipiga kelele, akamkumbatia, akalia, akaleta eshabwe ingawa haikuwa Ijumaa. Mimi nilimpongeza kwa mdomo. Mama yake baadaye alikataa kupanda ndege, akasema amekwisha kukimbia nchi za kutosha, akabaki Misiera na fito zake. Lakini Janvier aliondoka. Asubuhi ya kuondoka alinipa panga lake. "Ekiko zitachanua kiangazi hiki," alisema. "Hapana zimwagilie sana, weye nakujua." Nilirudi chumbani nikafunga mlango kwa kufuli, nikalala kwenye godoro peke yangu. Nilikuwa nimepata kila kitu nilichokitaka mwaka ule, na hapakuwa na kimoja nilichopewa mimi.

Fito zake zilichanua kweli. Hajati alinituma nizipige picha kwa simu ili Janvier atumiwe. Nilizipiga vizuri, zikiwa na mwanga wa asubuhi, maana hata wivu wangu haukuweza kufanya kazi mbovu. Kila mwaka nilizipiga. Na kila mwaka, nikipita mbele ya dirisha, Hajati aliniuliza kwa upendo, "Dodo yako itachanua lini?" Mti ulikua. Ulivuka dirisha, ukavuka paa, ukatandaza matawi yake kama mkeka, na picha ya katikati ya dirisha niliyoiahidi ikawa shina la kijivu tu, kama mguu wa ng'ombe aliyesimama nje. Ua hakuna. Niliutunza miaka miwili, kisha watu wengine wa Mbarara wakaanza kunialika kwenye viwanja vyao, nikapanga chumba changu, nikamwachia Hajati kijana wa Bwizibwera, ila kwa zile picha nilirudi kila kiangazi. Hajati alinifungia chakula cha njiani. Humo ndani, kwenye kikopo, palikuwa na eshabwe.

Baada ya simu ile ya Hajati nilikwenda Misiera kwanza, kwenye msiba. Janvier alikuwa amenenepa, amevaa koti zito katika jua lile, amekaa juu ya ndoo mbele ya ua wa mama yake. "Heri wa miye!" alisema, akanishika, na kilio chake kikaniloanisha shingo. Siku za msiba zilipopungua alitaka kumwona Hajati, basi tukaenda Mbarara pamoja. Geti lilipofunguliwa tulisimama wote wawili. Mkrismasi ulikuwa umechanua. Kwa mara ya kwanza, mwaka wa saba, umewaka kutoka ncha hadi ncha juu ya paa jeupe, na chini yake baraza lilikuwa limepasuka katikati, saruji imeinuliwa na mzizi mnene kuliko paja langu, na tangi la maji limeinama kama mlevi.

Hajati alitoka na fimbo yake. Alitandika mkeka upande wa baraza uliobaki mzima, akaleta chai. "Janvier alisema," alianza, akicheka tayari. "Alisema huu mti utakuja kunywa chai na mimi. Umekuja!"

"Miye nilisema hivyo?" Janvier aliuliza. "Lini?"

"Siku ya kamba," nilimwambia. "Ulisema tuupande getini. Ulisema kweli. Nilijua ni kweli, nikakataa kwa sababu ni wewe uliyesema."

Alikuna kidevu, akijaribu kukumbuka. Kisha uso wake ukafunguka. "Ah! Getini! Heri, ndugu yangu. Miye nilisema getini sababu ya udongo. Pale ulikuwa mulaini, mafundi walikuwa bameupindua. Hapa ilikuwa mawe tu. Sikutaka kuchimba!" Akacheka kile kicheko chake cha kushika mti, na kwa kuwa mti ulikuwa pale, akaushika. Maua machache yakamdondokea begani. Akainua kichwa. "Lakini angalia! Angalia uzuri huu. Ni weye uliufanya huu." Nilimtazama usoni nikitafuta wivu. Nilikuwa nimeungoja kwa miaka saba, hata kidogo tu, hata wa kupepesa kope. Nilitafuta vizuri, kama ninavyotafuta kila kitu. Haukuwamo.

Tulisubiri maua yaanguke yenyewe, Hajati hakukubali vinginevyo. Kisha tuliukata, Janvier juu na mimi kwenye mizizi, kwa panga lilelile alilonipa kwa matawi na msumeno wa kuazima kwa shina. Mwanga uliingia sebuleni ghafla, Hajati akapiga makofi mlangoni. Siku moja kabla Janvier hajarudi ng'ambo, nilileta mche mwingine wa mkrismasi, si ulionyooka kuliko yote, tukaupanda getini. Udongo wa pale kweli ni laini. Nilimwachia achimbe.

Sasa kazi yangu ni kupanda miti ya maua katika nyumba za watu wa Mbarara, na miche yangu hukaa Misiera, kwenye ua wa ekiko ambao Janvier ameniachia niutunze. Sichagui tena mti kwa ua. Nauliza kwanza ukuta uko wapi, tangi liko wapi, na mwenye nyumba anategemea kukaa hapo kwa muda gani. Wivu sijaacha kuwa nao. Lakini mtu akisema mti ungefaa zaidi pale getini, naenda naye hadi getini, natazama.